Miguu sita, yote kifuani

Mtoto wa mama muuza vitumbua ana miaka saba. Jumamosi iliyopita aliniletea karatasi aliyomchora majimoto, yule chungu mwekundu wa kwenye miembe, akasimama pembeni ya cherehani akisubiri nimalize pindo la dera. Alikuwa amechora tumbo kubwa kama embe dodo, kichwa kidogo mbele yake, na miguu minane ikitoka tumboni, minne huku na minne kule. "Anti, nimemaliza." Nikamwambia amefanya kazi, sasa twende tukamwone mwenyewe. Tukatoka mpaka kwenye mwembe wa babu jirani yangu, tukasimama hatua mbili kutoka shinani, maana majimoto ukimgusa hana mswalie Mtume. Mtoto akaanza kuhesabu kwa kidole hewani. Akahesabu mara tatu. Kisha akanigeukia na swali ambalo limenikalisha usiku huu kuandika: "Anti, mbona miguu yake haigusi tumbo?"

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtoni Kijichi, Dar es Salaam. Kibanda changu kiko kando ya barabara ya vumbi, kina baraza ya saruji, na mbele yake kuna uwazi unaopata kivuli cha ule mwembe kuanzia saa tatu asubuhi hadi karibu na adhuhuri. Watoto walianza kuja wakati wa likizo ya Juni mwaka juzi. Mama zao wanawahi sokoni Rangi Tatu au mjini, wao wanabaki mtaani, na kwangu kuna kivuli na maji ya mtungi. Siku moja niliwagawia mabaki ya karatasi za khaki ninazokatia paterni, pamoja na vipande vya chaki vilivyokaribia kwisha, ili wasiushike mkasi. Wakachora. Walikuwa watoto kumi na mmoja, na nilipozikusanya karatasi nilikuta nyumba kumi na moja, zote zina paa la pembetatu, dirisha la msalaba na jua lenye miale kwenye kona. Hakuna hata mmoja wao anayekaa kwenye nyumba ya namna hiyo. Mwembe haukuwepo kwenye karatasi yoyote. Bajaji hazikuwepo. Hata kuku wa babu, aliyekuwa akipekua mchanga katikati ya miguu yao wakati wanachora, hakuna aliyemwona.

Hilo lilinikaa rohoni wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nikawaambia leo hatuchori nyumba, tunachora kitu kinachotembea hapa hapa barazani.

Nilichagua wadudu kwa sababu hawanunuliwi, na kwa sababu wamejengwa kwa vipande kama nguo. Mafundi wenzangu watanielewa. Mteja akiangalia gauni anaona gauni. Mimi naona mbele, nyuma, mikono miwili na shingo. Mkono wenyewe ukiulaza mezani kabla haujashonwa haufanani na mkono hata kidogo, ni kipande kipana chenye kilima juu. Mwanafunzi wa ushonaji akiliogopa gauni zima namkatisha mkono peke yake, kesho yake namkatisha shingo, na baada ya siku chache woga umeondoka bila yeye kujua umeondoka lini. Mtoto anayesema "mimi sijui kuchora" naye nampitisha njia hiyo hiyo. Simwambii "jaribu tu", kwa sababu neno hilo halimsaidii mtu aliyeogopa. Namfungulia kopo la vifungo.

Kopo langu lina vifungo vya kila aina, vidogo vya shati la mtoto, vya wastani, vikubwa vya koti, na bobini, vile vigurudumu vya uzi vya cherehani, mbili tatu zilizopinda. Mtoto anachagua kifungo, anakiweka juu ya karatasi, anakibana kwa kidole, anakizungushia chaki. Akikiondoa pamebaki duara, duara zuri, na amelichora yeye. Hapo hawezi tena kusema hajui kuchora, kwa sababu ushahidi uko mbele yake. Baada ya Jumamosi mbili au tatu mwenyewe anaviacha vifungo, mkono umeshazoea mzunguko. Duara akilivuta kidogo linakuwa yai. Yai akilibana upande mmoja linakuwa tone la maji. Kwa duara, yai, tone, pembetatu na mstari, mtoto wa Kijichi anaweza kumchora karibu kila mdudu wa Kijichi.

Kuhusu chaki, napenda ile bapa ya fundi kuliko penseli. Ukiichonga ukingo inatoa mstari mwembamba, na ukikosea unapangusa kwa kipande cha kitambaa, maisha yanaendelea. Penseli inakuja na raba, na raba ni adui wa mtoto anayejifunza. Nimeona watoto wanaochora mstari mmoja na kuufuta mara sita mpaka karatasi inatoboka. Kwangu raba zinakaa kwenye droo hadi nusu saa ya kwanza ipite, na sijawahi kubadilisha msimamo huo hata kwa mtoto anayelia.

Niseme pia kwa nini sina ubao. Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu wetu alichora panzi ubaoni akatuambia tunakili. Panzi wa ubaoni alikuwa na miguu sita iliyonyooka kwenda chini kama ya meza. Sasa, asubuhi ile ile mimi nilikuwa nimekamata panzi kwenye mihogo nyuma ya nyumba, nimemfungia kwenye kibiriti, yumo mfukoni mwa sketi. Nikakifungua kibiriti kidogo chini ya dawati, nikamchora yeye. Miguu yake ya nyuma haikunyooka. Magoti yalipanda juu hadi kuupita mgongo, kama mtu aliyechuchumaa anayetaka kuruka. Nilichora vile vile. Daftari liliporudi lilikuwa na mstari mwekundu uliompita panzi wangu kuanzia kichwani hadi mkiani, na chini yake maneno mawili: "Tazama ubaoni." Darasa lilikuwa na watoto wengi, mwalimu alikuwa mmoja, na leo ninayaelewa mambo ambayo sikuyaelewa wakati ule. Lakini sikuchora tena kitu chochote mpaka nilipokuwa mtu mzima na wateja wakaanza kuniomba niwachoree mishono kabla ya kuwashonea. Ndiyo maana barazani kwangu mtoto akiuliza mguu unakaaje, anapata jibu moja tu. Kamtazame.

Turudi kwa majimoto na swali la yule mtoto.

Watoto karibu wote huanza na tumbo. Ndilo kubwa, ndilo linaloonekana kwanza. Wakishalichora wanatafuta pa kuweka miguu, na kwa kuwa mnyama wanayemjua vizuri ni mbuzi, wanaiweka pale ambapo mbuzi angeiweka, kwenye pembe za kile kiwiliwili kikubwa. Mwaka mzima nilikuwa nasahihisha kosa hili kwa mdomo. "Miguu inatoka kifuani, mwanangu, si tumboni." Wanaitikia ndiyo anti, wanarudia kosa. Siku nilipoacha kusema nikabadilisha mpangilio, kosa lilikwisha. Sasa tunaanza na kifua. Kwanza kifua peke yake katikati ya karatasi, bila kichwa, bila tumbo, kisha miguu yote sita hapo hapo, mitatu kila upande. Mtoto hawezi kuiweka tumboni kwa sababu tumbo bado halijazaliwa. Kichwa kinakuja baadaye mbele, na tumbo linakuja mwisho kabisa nyuma, linaning'inia bila mguu hata mmoja.

Kwa fundi hilo halina ugeni. Mteja akisimama mbele yangu, kipimo cha kwanza ninachochukua ni kifua. Kifua kikikaa sawa, kiuno na makalio vinafuata. Kifua kikikosewa, gauni zima linavuta upande.

Kifua cha majimoto ni chembamba na kirefu, kama karanga mbili ndani ya ganda moja. Nyuma yake kuna kitu ambacho watoto hawakioni mpaka niwaonyeshe kwenye simu, nikipiga picha na kuivuta iwe kubwa: kiuno chembamba mno, kama ushanga mmoja uliopitishwa kwenye uzi. Baada ya ushanga ndipo linakuja tumbo, umbo la yai lililochongoka nyuma. Kichwa ni kipana, kinaelekea pembetatu iliyolainishwa kona. Vipapasio viwili vinatoka mbele ya kichwa, havikunyooka, vimevunjika katikati kama kiwiko. Kiwiko hicho watoto wakikiweka, mchoro wote unaamka. Umetoka kuwa mdudu yeyote, umekuwa chungu. Mzima ni karibu sentimita moja tu, na bado kuna mambo yote hayo ndani yake.

Lakini majimoto nampendea zaidi kazi yake, na hapa mtaniwia radhi kama nitakaa kidogo. Anashona. Viota vyake ni majani mabichi ya mwembe yaliyounganishwa bila kukatwa kutoka kwenye tawi. Vibarua wanajipanga ukingoni mwa jani moja, wanalikamata jani la pili kwa taya na kulivuta. Likiwa mbali wanashikana viuno, mmoja anamkamata mwenzake, huyo anamkamata mwingine, mpaka mnyororo unafika ng'ambo, kisha wote wanavuta. Kingo zikikutana wanakuja wengine wakiwa wamebeba mabuu mdomoni. Buu ndilo lenye uzi. Kibarua analigusisha kwenye jani hili, analipeleka kwenye jani lile, analirudisha, huku linatoa hariri, na jani linafungwa. Mimi ninayepitisha bobini kila siku ya Mungu niliposikia hilo mara ya kwanza niliacha kazi nikatoka nje kuangalia. Mwezi wa nne, baada ya mvua kubwa ya usiku, kiota kikavu kilichohamwa kilianguka uani. Nikakipasua mbele ya watoto kwa ncha ya mkasi. Kati ya jani na jani kulikuwa na kitambaa cheupe, chembamba kuliko shifoni, na kilivutika kidogo kabla ya kukatika. Kila mtoto alikigusa. Mmoja alikinusa.

Babu mwenye mwembe tulimwamkia siku hiyo, akaitika marahaba, akakaa kwenye kigoda akatusimulia kwamba kwenye shamba la baba yake minazi yenye majimoto haikuguswa. Wanaopanda minazi pwani wanajua hivyo, na wanajua vizuri: kuna mdudu anayefyonza nazi changa zikaanguka kabla ya wakati, na majimoto anamwinda huyo. "Anauma, lakini ni mlinzi," babu alisema. Watoto walirudi barazani wakachora minazi yenye vidoti vyekundu juu mpaka chini. Sikuwa nimewaagiza.

Miguu sita ikishakaa mahali pake inabaki kazi moja, kuifanya itembee. Mtoto anaichora yote imelala upande mmoja, au imesimama sambamba kama meno ya kitana, na mdudu anaonekana amekufa. Nilihangaika na hilo muda mrefu mpaka tukapata mchezo ambao sasa wanauomba kila Jumamosi. Watoto watatu wanasimama mstari mmoja, wa nyuma ameshika mabega ya wa mbele. Watatu, miguu sita. Nawaambia: wa mbele mguu wa kushoto, wa katikati wa kulia, wa nyuma wa kushoto, hiyo mitatu inakwenda pamoja, mingine mitatu imesimama. Halafu zamu inabadilika. Wadudu wengi wa miguu sita ndivyo wanavyotembea, kila wakati wamesimama juu ya mitatu kama mafiga, ndiyo maana hawaanguki. Mara ya kwanza watoto wangu walianguka wote watatu mchangani. Mara ya tano walivuka uwanja hadi kwenye mwembe na kurudi, huku waliobaki wanaimba "kushoto, kulia, kushoto".

Kisha nikawafunga kiroba cha mabaki ya vitambaa kiunoni mwa yule wa nyuma kikawa kinaburuta. Hilo ndilo tumbo. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alikaa mbele akiwa kichwa, ameinua mikono iliyokunjwa viwikoni, vipapasio. Na wale watatu wa katikati wote ni kifua, kwa sababu kifua cha mdudu kweli kina pingili tatu, kila pingili na jozi yake ya miguu. Waliporudi kwenye karatasi, miguu ya mbele ikaelekea mbele, ya katikati ikaelekea pembeni, ya nyuma ikaelekea nyuma, na mmoja mmoja ikapishana. Sikusema kitu. Miili yao ilishajua.

Mzozo mkubwa tulioupata barazani ulihusu buibui. Binti mmoja wa darasa la tano alikuja na buibui kwenye kopo la siagi na akataka achorwe kama mdudu mwingine yeyote. Mwenzake aliyesoma sayansi akamwambia buibui si mdudu. Wakaja kwangu nikate shauri. Kwa Kiswahili chetu cha nyumbani neno mdudu ni pana sana: nge ni mdudu, jongoo ni mdudu, tandu ni mdudu, na bibi yangu alikuwa akimwita hata mjusi mdogo mdudu akiingia kwenye unga. Sikutaka kumnyang'anya mtoto neno la nyumbani kwao. Nikawaambia wamhesabu. Miguu minane. Vipande vya mwili viwili tu, kwa sababu kichwa na kifua vimeungana. Vipapasio hakuna. Tukakubaliana kwamba sisi kundi letu linaitwa "wadudu wa miguu sita", na buibui ni mgeni wetu anayechorwa kwa vifungo viwili badala ya vitatu. Binti akaridhika. Mwenzake naye akaridhika. Na yule wa vitumbua, aliyekuwa akisikiliza kwa mbali, nadhani ndipo alipoitoa ile miguu minane ya Jumamosi iliyopita.

Wadudu wengine wanakwenda haraka zaidi. Mende ni yai bapa, na mbele yake kuna ngao inayokifunika kichwa kama kofia, kwa hiyo ukimtazama kutoka juu kichwa usikitafute. Mbawakavu ni yai lenye mstari katikati ya mgongo, mstari ambao ni mpaka wa mbawa mbili ngumu zilizofunga zile laini chini yake. Yule mweusi mwenye pembe anayetoboa minazi wavulana wanampenda kupita kiasi. Nzi na mbu wana mbawa mbili tu, jambo ambalo watoto hawaliamini mpaka nilaze nzi aliyekufa kwenye karatasi nyeupe. Kumbikumbi wa masika ana nne, ndefu kuliko mwili wake, na asubuhi zimetapakaa chini ya taa za barazani, kwa hiyo mtoto anaweza kuziokota, kuzipanga na kuzizungushia chaki kama kifungo.

Kipepeo tunamchora kama ninavyokata blauzi. Kunja karatasi katikati, chora upande mmoja tu, mbawa ya juu iwe pembetatu yenye kona laini, ya chini iwe tone nene, kata mara moja, kunjua. Pande mbili zinatoka sawa. Kosa la watoto kwa kipepeo ni mwili, wanauchora mnene kama soseji, wakati mwili wake ni mwembamba kama njiti na mbawa zote nne zimeshikwa kifuani, hakuna hata moja tumboni. Nyuma ya choo cha babu kuna mlimao, na pale huja kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano iliyopauka kutaga mayai. Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege juu ya jani. Tulimfuatilia mmoja mpaka akajifunga kwenye kijiti. Madoa ya mbawa watoto waliyaweka kwa kichwa cha sindano ya pini kilichochovywa rangi, doa moja moja, kimya kabisa, dakika arobaini.

Madoa yale ndiyo yaliyonifanya mwaka jana niwachukue wanne wakubwa tukapanda daladala hadi Oysterbay, pale karibu na Morogoro Stores wanapofanyia kazi wachoraji wa Tingatinga. Nilitaka waone kwamba kuna watu wazima wanaoishi kwa kazi hii. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, kusini, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ile ile ya kupakia baiskeli. Alifariki 1972, miaka michache tu baadaye, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na leo mtindo mzima unabeba jina lake. Watoto walisimama nyuma ya mchoraji mmoja aliyekuwa akifanya ndege. Kwanza alipaka mandhari rangi moja. Akaacha ikauka. Kisha akauweka mwili wa ndege kama umbo moja lililojaa, bila jicho, bila unyoya. Baadaye kabisa ndipo madoa yalipoanza, doa juu ya doa. Binti wa buibui akanivuta kanga akaninong'oneza, "Anti, na yeye anaanza na umbo." Yule mchoraji alimsikia, akamsogezea kigoda akae karibu.

Kuna mama mmoja, simtaji, alinijia akaniambia mtoto wake angefaidika zaidi akifanya hesabu Jumamosi kuliko kuchora nzi. Namheshimu, ananyanyuka saa kumi alfajiri kila siku kwa ajili ya huyo mtoto. Nilimwonyesha karatasi za mwanawe tangu ya kwanza hadi ya mwisho, nikazipanga barazani. Akazitazama muda mrefu. Hakusema kitu, lakini Jumamosi iliyofuata mtoto alikuja amebeba rimu ya karatasi nyeupe.

Tuna sheria moja na haina mjadala: mdudu tuliyemkamata anarudi tulikomtoa kabla ya adhuhuri. Kopo linatobolewa matundu, linakaa kivulini, na aliyemleta ndiye anayemrudisha. Majimoto hakamatwi kabisa, tunamfuata kwake.

Sasa kipupwe kimeingia, asubuhi kuna baridi kidogo na wadudu wamekuwa wazito, wanakaa tuli kwa muda mrefu, wakati mzuri wa kuwachora. Watoto wakubwa wanamtaka kereng'ende. Mwili wake si tatizo, ni njiti ndefu, kichwa karibu chote ni macho, na anapotua mbawa zake zote nne zinabaki zimetandazwa. Shida ni zile mbawa zenyewe. Zinaonyesha upande wa pili kama kioo, na ndani yake zimejaa mishipa midogo midogo kama wavu. Ukichora kila mshipa unachoka kabla hujafika nusu, na usipochora inakuwa mbawa ya nzi.

Jana usiku, baada ya kufunga kibanda, nilichukua kipande cha neti kilichobaki kwenye shela ya bibi harusi, nikakilaza chini ya karatasi nyembamba, nikasugua penseli kwa ubavu juu yake. Mishipa ikatokea yenyewe. Lakini matundu ya neti yote yako sawa, na ya kereng'ende hayako sawa, mengine makubwa, mengine madogo. Kesho nikienda Kariakoo kununua nyuzi nitapita Mtaa wa Uhuru nitafute lasi yenye matundu yasiyolingana. Mtoto wa vitumbua amesema kaka yake atatuletea kereng'ende kutoka bondeni kwenye mto Kizinga. Nimemwambia aje na kopo kubwa, mbawa zisije zikakunjika.